Mabirika ya Ubatizo na Mabeseni ya Mawe katika Makanisa ya Kale ya Vijijini Uingereza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na watu wanaoingia kwa mara ya kwanza katika kanisa dogo la kijijini Uingereza, wengine wakiwa wamealikwa kwenye ubatizo wa mtoto wa ndugu, wengine wakipita njia tu, wakakuta karibu na mlango jiwe kubwa lililochimbwa ambalo hakuna aliyewaeleza habari zake. Majibu yanahusu zaidi makanisa ya parokia yaliyojengwa kabla ya Matengenezo ya Kanisa ya karne ya 16, yaani kabla Uingereza haijajitenga na Roma, makanisa ambayo leo kwa kawaida ni ya Waanglikana.

## Mambo ya msingi

Birika la ubatizo ni nini, na kwa nini liitwe birika?

Ni chombo kisichohamishika, mara nyingi cha jiwe, kinachotiwa maji ya kubatizia. Wakatoliki wengi husema kisima cha ubatizo, na wengine husema batizio. Msomaji wa bara anaposikia birika huenda akafikiria chai, lakini mtu wa pwani analijua birika la msikitini, lile tangi la maji ya kutawadhia, ambalo mfano wake bado unaonekana katika magofu ya msikiti mkuu wa Gedi. Maana hiyo ya pwani ndiyo inayotufaa hapa: jiwe lililojengwa mahali pake ili lishike maji ya ibada. Tofauti ni kwamba birika la msikitini mtu hulirudia kila siku, na hili la kanisani hulijia mara moja tu katika maisha yake.

Lina sehemu gani?

Juu kuna bakuli, chini yake shina, yaani nguzo moja au kadhaa, kisha kitako, na mara nyingi ngazi moja au mbili za kumwinua kasisi aonekane na watu. Ndani ya bakuli huwa kuna bitana ya madini ya risasi, kwa sababu jiwe la chokaa hunyonya maji. Katikati kuna tundu la kutolea maji, nalo hupita ndani ya shina hadi kwenye udongo ulio chini ya sakafu, kwa kuwa maji yaliyobarikiwa hayakupaswa kumwagwa penye maji machafu.

Kwa nini liko karibu na mlango, si karibu na altare?

Kwa sababu ubatizo ndio mlango wa kuingia katika Kanisa, na jengo lilipangwa lifundishe jambo hilo hilo. Katika Zama za Kati sehemu ya kwanza ya ibada ilifanyika nje, penye kizingiti au barazani, ndipo mtoto akaingizwa ndani na kupelekwa kwenye maji. Kanuni za Kanisa la Uingereza za mwaka 1603 ziliagiza kila kanisa liwe na birika la jiwe, liwekwe mahali pake pa zamani, na kanuni ya leo bado inataka liwe karibu na mlango mkuu kadiri inavyowezekana.

Mbona bakuli ni kubwa hivyo kwa mtoto mchanga?

Kwa sababu mtoto alizamishwa. Kumwagia maji kidogo kichwani ni desturi iliyoenea baadaye. Bakuli la karne ya 12 lina upana na kina cha kumtosha mtoto mzima, nalo ni ushahidi mzuri zaidi wa namna watu walivyobatiza kuliko maelezo mengi yaliyoandikwa.

Kwa nini mengi yana pembe nane?

Namba nane ilihusishwa tangu Wakristo wa kwanza na siku ya nane, yaani siku ya Ufufuko inayokuja baada ya zile saba za uumbaji. Hata hivyo sababu ya ufundi nayo isipuuzwe: jiwe la mraba likikatwa pembe zake nne hupata pande nane, na kila upande humpa mchongaji nafasi ya picha moja.

## Umri na asili

Kwa nini birika mara nyingi huwa na umri mkubwa kuliko kanisa lenyewe?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote. Kuta zilibomolewa na kujengwa upya kijiji kilipopata fedha, madirisha yalipanuliwa, paa likaungua au likaoza, lakini jiwe la ubatizo halikuguswa, au liliondolewa kwa muda likarudishwa. Sababu ya kwanza ni ya moyo: humo walibatizwa baba na babu. Sababu ya pili ni ya haki. Katika Zama za Kati haki ya kubatiza ilikuwa alama ya kanisa la parokia, na vikanisa vidogo vilivyokuwa chini yake kwa kawaida havikuwa nayo, hivyo kanisa lenye birika la kale lilikuwa na uthibitisho wa cheo chake uliochongwa katika jiwe. Kwa hiyo ukikuta ukuta wa karne ya 15 na birika la karne ya 12 ndani yake, usidhani kuna aliyelileta kutoka kwingine. Huenda ndilo lililokuwapo kwanza.

Nitajuaje umri wa birika ninaloliona?

Anza na umbo. Mabirika ya kipindi cha Wanormani, wavamizi kutoka Ufaransa walioitawala Uingereza, yaani baada ya mwaka 1066 hadi karibu na mwisho wa karne ya 12, mara nyingi ni kama pipa la mviringo, au ni bakuli la mraba juu ya nguzo nene ya katikati na nguzo nne nyembamba pembeni. Mwishoni mwa karne ya 12 na katika karne ya 13 kunaonekana sana mabakuli mapana ya pembe nane, yenye safu ya matao yaliyochongwa kwa kina kidogo kila upande. Katika karne ya 15 bakuli la pembe nane lenye ngao, malaika na maua ya duara, juu ya shina ambalo nalo lina pembe nane, ndilo la kawaida kabisa.

Baada ya umbo, tazama alama za vyombo. Fundi wa Kinormani alisawazisha jiwe kwa shoka, akaacha mistari ya mshazari iliyo wazi. Patasi yenye meno ilianza kuzoeleka mwishoni mwa karne ya 12. Hapa kuna tahadhari kubwa. Katika karne ya 19 warekebishaji wengi walichonga upya uso wa mabirika ili yaonekane safi, na hivyo wakafuta ushahidi wenyewe. Jiwe la miaka 850 linaweza kuonekana kama la juzi. Likiwa na kingo kali mno na uso ulio sawa mno, pitisha macho ndani ya bakuli na upande unaoelekea ukutani, kwa kuwa fundi aliyechonga upya mara nyingi hakufika huko.

Tena, bakuli, shina na kitako si lazima viwe vya kipindi kimoja. Kila kimoja kipimwe peke yake.

Mawe yalitoka wapi?

Kwa kawaida yalitoka machimbo ya karibu, kwa sababu kusafirisha jiwe kwa mkokoteni kulikuwa na gharama kubwa. Ndiyo maana Cornwall ina mabirika ya itale ngumu, ambayo michongo yake ni michache na mipana. Lakini kuna mambo mawili yanayopingana na desturi hiyo. Kutoka Purbeck, katika pwani ya Dorset, jiwe lililojaa makombe ya konokono wa maji baridi lilipelekwa sehemu nyingi za nchi. Huitwa marumaru kwa kuwa hung'aa likisuguliwa, ingawa kwa kweli ni jiwe la chokaa. Na kutoka Tournai, katika Ubelgiji ya leo, mabirika ya jiwe jeusi yalivuka bahari katika karne ya 12. Hampshire pekee ina manne: katika kanisa kuu la Winchester, katika kanisa la Mt. Mikaeli la Southampton, na katika vijiji vya East Meon na St Mary Bourne. Mwenye siku moja tu ya kutembea aanzie East Meon, ambako Adamu na Hawa wanafukuzwa bustanini, kisha malaika anamfundisha Adamu kulima.

Je, yote ni ya jiwe?

La. Yapo yapatayo 30 ya risasi, na sita ya Gloucestershire yalimiminwa kwa kalibu moja. Kusalimika kwake kunastahili shukrani, kwa sababu madini haya huyeyuka upesi na yana soko. Ya mbao ni machache mno, kama lile la mwaloni la Efenechtyd huko Wales. Potter Heigham, Norfolk, lina birika la matofali.

Ni kweli kwamba mengine yalikuwa vitu vingine kabla?

Ni kweli. Huko Wroxeter, Shropshire, penye mabaki ya mji wa Warumi, birika limechimbwa katika kitako cha nguzo ya Kirumi. Huko Melbury Bubb, Dorset, limetengenezwa kwa kipande cha msalaba wa kabla ya Wanormani kilichogeuzwa juu chini, hivi kwamba wanyama waliochongwa humo wamesimama kwa vichwa hadi leo.

Safari ya upande wa pili nayo ilitokea. Bakuli la Deerhurst, Gloucestershire, ambalo kwa kawaida huhesabiwa kuwa la karne ya 9, na ambalo mizunguko yake iliyosokotana ni miongoni mwa michongo bora ya Waanglo-Saksoni, wenyeji wa kabla ya Wanormani, lilipatikana shambani likitumika kama hori, likaunganishwa na shina lake katika karne ya 19. Tazama pia jibu kuhusu jiwe lililopatikana bustanini, hapo chini.

## Michongo

Kwa nini kuna majoka, simba na watu wanaopigana kwenye kitu kitakatifu?

Kwa sababu ubatizo ulieleweka kuwa vita. Kabla ya maji, kasisi alimfukuza shetani kwa maneno na kwa pumzi, na mchongaji alionyesha kile ambacho maneno hayo yalitenda. Katika birika la Eardisley, Herefordshire, la karne ya 12, Kristo anamshika mtu mkono akimvuta atoke katika mizabibu iliyomnasa kama kamba. Upande mwingine wapiganaji wawili wanakabiliana, na simba mkubwa anajaza nafasi iliyobaki. Huko Castle Frome, karibu yake, watu walioinama wanabeba bakuli zima mabegani, na juu yao Kristo anabatizwa katika maji yenye samaki.

Si kila mchongo una fumbo, hata hivyo. Ninawaomba wasomaji wasilazimishe maana kwenye kila fundo la kamba, kwa kuwa fundi naye alipenda kujaza uso wa jiwe kwa kitu kizuri.

Nimeona birika lenye watu wanaolima na kuchinja nguruwe. Hiyo ni dini?

Hizo ni kazi za miezi 12, na kwa mkulima zilikuwa dini kweli, maana mwaka wote ulikuwa wa Mungu. Burnham Deepdale, Norfolk, lina miezi yote kwenye jiwe. Birika la risasi la Brookland, Kent, lina safu mbili: juu buruji 12 za nyota, chini kazi ya kila mwezi, Februari mtu akiota moto, Desemba akimchinja nguruwe. Kwa kuwa duara lake lina nafasi 20, miezi ya Machi hadi Oktoba imerudiwa.

Mabirika ya sakramenti saba ni yapi?

Ni kundi la mabirika yapatayo 40 ya karne ya 15 na mwanzo wa karne ya 16, karibu yote katika Norfolk na Suffolk, ingawa yapo hata Nettlecombe, Somerset, na Farningham, Kent. Pande saba zinaonyesha Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja Takatifu na Ndoa. Upande wa nane hubeba picha nyingine, mara nyingi Ubatizo wa Bwana au Kusulubiwa kwake. Picha hizi ni za watu wa kawaida katika nguo za wakati wao: mgonjwa kitandani, bwana na bibi arusi wakishikana mikono, na katika baadhi ya Vitubio shetani akiondoka huku mwenye kuungama amepiga magoti.

Lile la Walsoken lina mwaka 1544, ambao ni miaka 10 baada ya Mfalme Henry VIII kujitenga na Roma. Kijiji kiliendelea kuweka kumbukumbu ya imani yake katika jiwe wakati mambo yakibadilika juu yake.

Tunawajua wachongaji?

Ni nadra sana. Bridekirk, Cumbria, lina maandishi ya karne ya 12 kwa herufi za runi, alfabeti ya kale ya Ulaya ya kaskazini, katika Kiingereza cha wakati huo, yasemayo kwamba Rikarth ndiye aliyelitengeneza, na kando yake ameonyeshwa mtu mdogo akiwa na nyundo na patasi. Sijui jiwe jingine la kijijini linalomleta fundi karibu nasi namna hiyo.

## Makovu

Kwa nini ukingo wa juu umevunjika sehemu mbili zinazotazamana?

Huo kwa kawaida ni ushahidi wa kufuli. Maji yalibarikiwa hasa katika Mkesha wa Pasaka na ule wa Pentekoste, yakatiwa mafuta matakatifu, na yakaachwa humo kwa majuma mengi. Watu waliyaiba kwa uganga wa kuponya mifugo na wa kuroga majirani, na mwaka 1236 Edmund wa Abingdon, Askofu Mkuu wa Canterbury, aliagiza mabirika yafungwe kwa kufuli kwa ajili ya ushirikina. Vyuma vilipigiliwa katika ukingo, kifuniko kikafungwa kwa ufito. Baadaye vyuma hivyo viling'olewa au vikashika kutu na kupasua jiwe. Maombi yangu kwa parokia ni kwamba mapengo hayo yasizibwe kwa saruji. Ni maandishi, na anayejua kuyasoma anayasoma.

Na nyuso zilizokatwa?

Nyingi zilikatwa na watu walioamini kuwa sanamu ni machukizo, wengine katika karne ya 16, wengine katika miaka ya 1640. Mwaka 1645 mwongozo mpya wa ibada uliopitishwa na Bunge ulikataza kubatizia mahali mabirika yalipokuwa yamewekwa tangu enzi za Upapa, na mengi yakatupwa uani au yakauzwa. Baada ya ufalme, uliokuwa umeondolewa na Bunge, kurudishwa mwaka 1660, yakaanza kurudishwa, na pale yalipokuwa yamepotea yakachongwa mapya. Ndiyo sababu utakuta birika rahisi lenye mwaka wa 1660 na kitu ndani ya kanisa la kale.

Hata hivyo si kila kitu kilivunjwa. William Dowsing, aliyetumwa kuondoa sanamu katika Suffolk na Cambridgeshire, alifika Ufford mwaka 1644, akakiandika kwa mshangao kifuniko cha birika cha mbao, chenye urefu wa zaidi ya mita 5 na sanamu ya ndege aitwaye mwari kileleni, akakiacha. Bado kipo, na sehemu yake ya chini bado huteleza juu ili kasisi afikie maji.

Je, mlango wa kaskazini ulifunguliwa ili shetani atoke wakati wa ubatizo?

Hiyo ni simulizi ya watu, na katika vijiji vingi utaisikia. Maelezo yenye nguvu zaidi ni kwamba milango hiyo ilitumiwa kwa maandamano ya ibada, na maandamano yalipokoma ikaonekana inaleta baridi tu, ikazibwa.

## Mabeseni mengine ya mawe

Bakuli dogo lililo ukutani, kulia kwa altare, ni birika la watoto?

Sivyo. Hiyo ni pisina, kibeseni chenye tundu, ndani ya kishubaka, ambamo padri alinawa mikono na kumwaga maji yaliyosafishia kikombe cha Misa. Tundu hupeleka maji ndani ya ukuta hadi ardhini, kwa sababu ile ile iliyoelezwa katika jibu kuhusu sehemu za birika. Mwishoni mwa karne ya 13 zilipendwa pisina zenye mabeseni mawili, moja la mikono na moja la kikombe. Baadaye padri alipozoea kuyanywa maji ya kikombe, moja lilitosha.

Faida kubwa ya pisina kwa mchunguzi ni kwamba haidanganyi: popote ilipo, palikuwa na altare. Ukiiona katika ukuta wa ubavuni, basi hapo palikuwa na altare iliyoondolewa wakati wa Matengenezo. Ukiiona juu ukutani, mahali ambapo hakuna mtu awezaye kufika bila ngazi, palikuwa na dari ya mbao iliyobeba msalaba mkubwa, na altare juu yake.

Na lile lililo mlangoni?

Hilo lilikuwa la maji ya baraka, ambayo kila aingiaye alichovya kidole akajiandika ishara ya msalaba. Mengi yamevunjwa ukingo wa mbele. Alama ya kulitambua ni kwamba kwa kawaida halina tundu.

Kuna beseni la jiwe limewekwa sakafuni, lina mikono minne na mdomo. Nalo ni la maji ya baraka?

Huenda ni kinu. Vinu vya mawe vya jikoni vilivyookotwa mashambani vilipelekwa makanisani na watu wema waliodhani ni vyombo vitakatifu. Chini ndani ukikuta pamesuguliwa laini, hapo palitwangwa viungo.

## Matumizi na ulinzi

Bado yanatumika?

Ndiyo, na hilo ndilo linaloyatofautisha na vitu vya makumbusho. Pale bitana ilipopasuka, kasisi huweka kibakuli ndani ya bakuli.

Tunaweza kuyajaza maua siku ya sherehe?

Kanuni ya F1 ya Kanisa la Uingereza inasema birika litumike kwa maji ya ubatizo na si kwa jambo lingine lolote. Maua yawekwe kwenye ngazi, katika chombo kisichovuja.

Parokia inaweza kulihamisha au kuliuza?

Si kwa uamuzi wake pekee. Inahitajika ruhusa ya mahakama ya dayosisi, baada ya ushauri wa wataalamu na tangazo kwa watu, na kuuza ni kugumu zaidi kuliko kuhamisha. Hoja kwamba paa linavuja na fedha hazipo ni ya kweli na inaumiza, lakini peke yake haitoshi.

Nimeona hori la jiwe bustanini linalofanana na birika. Nifanye nini?

Usilisogeze wala usilisafishe. Tazama kama lina tundu katikati, mabaki ya risasi, au makovu ya kufuli yaliyoelezwa hapo juu. Likiwa na mojawapo, lipige picha, pima upana na kina, kisha zungumza na mwenye mali na wazee wa kanisa la kijiji hicho. Hori la kawaida la mifugo huwa refu na halina dalili hizi.

Nawezaje kuona michongo iliyofifia bila kuharibu jiwe?

Subiri giza kidogo, kisha shika tochi kando kabisa, mwanga ukilambaza uso wa jiwe. Mistari isiyoonekana mchana itatokea. Usisugue karatasi juu yake, usipake chaki, na usilowanishe jiwe ili picha ikolee, kwa sababu maji huamsha chumvi iliyo ndani, nayo ikikauka husukuma uso wa jiwe ubanduke.

Kanisa halitumiki tena na limefungwa. Birika linaonekanaje?

Zaidi ya makanisa 350 yasiyo na ibada ya kawaida yanatunzwa na taasisi ya Churches Conservation Trust, iliyoanzishwa mwaka 1969, na mengi hufunguliwa mchana. Kwingineko, maelezo ya mahali pa kupata ufunguo mara nyingi hubandikwa barazani. Wenye ufunguo kwa kawaida ni wazee wa kijiji walio tayari kueleza mengi, basi nenda na muda wa kutosha.